Bei ya betri ihesabiwe kwa uniti

Mhariri,

Sisi wavuvi wa dagaa wa Sahare, Tanga, tulioacha karabai tukahamia taa za LED, tuna ubishi usiokwisha: tununue betri ya risasi au ya lithiamu? Wengi hukata shauri dukani kwa kutazama bei tu, na hapo ndipo tunapopigwa.

Tufanye betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, inauzwa shilingi 400,000, na ya lithiamu ya kiasi hichohicho 1,200,000. Ya risasi ukiitumia kupita nusu kila usiku unaiua upesi, kwa hiyo umeme unaoupata kwa usiku ni wati-saa 600 tu kati ya 1,200. Ukiitunza itavumilia kuchajiwa kama mara 500. Jumla uniti 300 (uniti moja ni wati-saa 1,000), yaani zaidi ya shilingi 1,300 kwa uniti. Lithiamu hii ya fosfeti unaitumia hadi asilimia 80, karibu uniti nzima kwa usiku, na kuchajiwa mara 3,000 kwake ni kawaida. Gawanya mwenyewe: shilingi 400.

Joto letu bado sijaligusa. Umri wa betri ya risasi hukadiriwa kwa nyuzi 25. Likizidi kwa nyuzi 10, umri huo hukatika nusu. Wala sijataja kubeba kilo 30 begani, maji yamekupwa, hadi dau lilipo. Ya lithiamu ni kilo 12 hivi.

Sisemi kila mtu aikimbilie. Mwenye taa mbili za nyumbani na simu ya kuchaji, risasi inamtosha, na ikifa wa vyuma chakavu wanainunua. Lithiamu mbovu utamuuzia nani? Ila asidanganywe kufunga betri ya gari kwenye sola. Mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kwa kupiga stata, si kukesha na taa.

Ombi langu ni kwa wenye maduka: andikeni kwenye risiti betri inachajiwa mara ngapi na garantii ni ya muda gani. TBS, shirika la viwango, nao wapitie madukani, maana kuna lithiamu zimeandikwa ampea-saa 100 na hazifiki hata kilo tano, wakati seli nne za ndani peke yake hukaribia kilo nane. Kabla hawajafika, mnunuzi aende na mizani yake ya samaki.

Mvuvi,
Sahare, Tanga