Kipimo cha DNA si kauli ya Mungu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka nenda rudi bila kuwaandikia hata mstari, lakini makala yenu ya juzi kuhusu "mashine ya vinasaba isiyokosea" imenishinda kunyamazia. Mnaikumbuka, ile iliyosema mtu akishapimwa DNA ya vimelea, ubishi umekwisha.

Ubishi haujaisha. Mjomba wangu alimaliza dawa za kifua kikuu, miezi sita bila kuruka kidonge. Baadaye akapata mafua, akakohoa kidogo, na wanawe waliokwisha kulishwa habari za namna hiyo wakamkimbiza akapimwe makohozi kwa mashine hiyo. Hazikupita saa mbili tangu apimwe, jibu likatoka: vimelea vimeonekana, kiwango cha chini sana. Aliyewakabidhi karatasi hakuuliza kama mzee aliwahi kutibiwa. Nyumbani akatengewa chumba, kikombe na sahani, wajukuu wakakatazwa kumsogelea. Na hapa ndipo mwandishi wenu alipopita kwa mbali: mashine haikukosea! Inachotafuta ni DNA ya bakteria, na DNA haipotei siku ile bakteria anapokufa. Mabaki yake yanaweza kukaa kifuani muda mrefu baada ya tiba, na mashine haijui yupi mzima na yupi maiti. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha kipimo hicho mwaka 2010, lakini halishauri kitumike kufuatilia maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa. Kazi hiyo ni ya darubini na ya kuotesha vimelea maabara. Makohozi ya mjomba yalioteshwa, tukangoja wiki kadhaa, hakikuota kitu. Wiki zote hizo mzee anakula peke yake, huku karatasi ya mashine imebandikwa mlangoni na mwanawe wa kwanza.

Mngeweza pia kueleza kwa nini mashine hizi ni kali kiasi hicho. PCR, mbinu ya kunakili DNA inayotumika ndani yake, aliyoibuni mwanakemia wa Marekani Kary Mullis mwaka 1983, hurudufu kipande cha DNA mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 30 ikienda sawasawa kipande kimoja huzaa nakala zaidi ya bilioni. Uchafu nao, ukiwa na kipande hicho, hurudufiwa vivyo hivyo. Ndiyo sababu maabara makini hutenga chumba cha kuandalia sampuli, na katika kila kundi huingiza kichupa cha maji matupu yasiyo na DNA. Maji yakitoka "chanya", majibu ya kundi hilo hayaaminiki, kazi inaanza upya. Katika kurasa zenu mbili nzima sikuona habari ya hayo maji.

Halafu sifa zote mmemvika Mullis. Kila mzunguko wa PCR huanza kwa joto kali, na kimeng'enya kinachonakili DNA bila kuharibiwa na joto hilo kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, waliotangazwa na Thomas Brock na Hudson Freeze mwaka 1969. Naye Mullis mwenyewe kampuni iliyomwajiri, Cetus, ilimpa bahashishi ya dola 10,000, kisha mwaka 1991 ikauza hataza za PCR kwa dola milioni 300. Hiyo si habari?

Na ile picha! Ngazi ya DNA mmeichora ikijipinda kushoto. DNA iliyomo miilini mwetu kwa kawaida hujipinda kulia, kama nyuzi za skrubu ya kawaida. Hili kosa nimeliona kwenye mabango, kwenye majalada ya vitabu, hata kwenye nembo za watu wanaojiita wataalamu, na sijui nani huwauzia picha hizo.

Napendekeza mchoraji wenu awekewe skrubu moja mezani, ya inchi mbili, kichwa bapa, na picha yoyote ya DNA isiende mitamboni kabla hajailinganisha nayo. Mwandishi yeye afungiwe neno "haikosei" kwenye kompyuta yake hadi atakapokwenda maabara kuulizia kichupa cha maji. Skrubu, mkikosa fungu la kuinunulia, semeni tu niwaletee.

Msomaji wenu wa siku nyingi