Mfundishe Mbwa Wako Njia ya Kutoka Majini

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba nyumba mpya ina bwawa la kuogelea, ila roho yangu iko kwa huyo mbwa. Usitulie kwa kuwa anajua kuogelea. Mbwa wengi hupiga miguu wakitumbukia. Kinachowaua ni kutojua pa kutokea. Mbwa akianguka hurudi palepale alipoangukia, aparure ukingo kwa kucha. Ukuta ni laini na umesimama wima, kwa hiyo kucha hazishiki. Ataendelea kuparura mpaka aishiwe nguvu, na ngazi ziko mita chache tu nyuma yake. Wala usitegemee kumsikia, maana anayepigania pumzi habweki.

Kwa hiyo anza na ngazi. Mvishe mkanda wa kifuani, si kola, kwa sababu kola itamkaba ukimvuta. Ingia naye hadi kidato cha kwanza, asimame mwenyewe, mgeuze atoke, kisha mpe kipande cha nyama. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Akizoea, shuka naye kidato cha pili, halafu pale miguu yake isipofika chini, ukimshika tumboni. Mwishowe anzia kila upande wa bwawa, hata kona ya mbali kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mbwa hufundishwa kutoka upande mmoja, akiangukia mwingine anapotea. Kumbuka pia kwamba macho yake yako karibu na usawa wa maji, kwa hiyo vidato vilivyozama havioni. Weka alama kubwa juu ya ngazi, kwa mfano nguzo ya bluu au ya njano. Nyekundu hapana, mbwa haioni vizuri.

Kama bwawa lina ngazi ya chuma iliyosimama wima tu, hiyo si yake. Funga ubao wa mteremko ukingoni, wenye uso usioteleza, ncha ya chini ikiwa imezama vya kutosha ili apande bila kujirusha.

Mafunzo hayaondoi haja ya uzio. Uwe na urefu wa angalau mita 1.2, zaidi kama mbwa ni mrukaji, na nafasi kati ya fito zisifike sentimita 10. Mtoto wa mbwa hupenya hata padogo zaidi ya hapo. Geti lijifunge na kujikomea lenyewe. Lijaribu kwa kuliachia likiwa wazi kidogo tu, maana bawaba zikilegea hapo ndipo linapogoma.

Lile plastiki la mapovu la kutunza joto la maji linanitisha kuliko bwawa lililo wazi. Mbwa huliona kama sakafu, akikanyaga linazama naye na kumfunika. Likunje lote, au tumia kifuniko cha usalama kilichokazwa pande zote.

Wenye pua bapa, kama bulldog na pug, na wenye miguu mifupi, wavishwe jaketi la kuokolea lenye mpini mgongoni. Mbwa mzee asiyeona vizuri naye vilevile.

Ukimrushia mpira, mtoe kila baada ya dakika 10 hivi apumzike na kunywa maji safi. Anayefungua mdomo kuudaka anaweza kumeza maji mengi mno, chumvi ya mwilini ikashuka na ubongo ukavimba. Akianza kutapika, kuyumba au kuvimba tumbo, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Vidonge vya klorini vifungie. Huunguza mdomo na koo.

Akizama na hapumui, mlaze kwa ubavu, nyoosha shingo, toa kilicho mdomoni. Usipoteze muda kumning'iniza kichwa chini. Kandamiza kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke theluthi moja hadi nusu ya upana wake. Kisha fumba mdomo wake, pulizia puani mara 2, uendelee hivyo huku mwenzako akimpigia daktari. Hata akizinduka na kutikisa mkia, apelekwe: maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye, hata siku ya pili.

Geti likifungwa, nitumie picha ya komeo nilione.

Mama yako