Lenzi ipi kwa picha za 3D za nyumba yako?

Mteja akituletea ramani ya nyumba tuigeuze picha za kompyuta, ombi la kwanza huwa hili: “Chumba kionekane kikubwa.” Inawezekana, tena kirahisi mno. Unashusha lenzi hadi milimita 14 na sebule inageuka ukumbi wa harusi. Tabu huanza mnunuzi anapofika saiti na kukuta kochi la watu watatu limemaliza ukuta.

Hesabu yake haina siri. Programu nyingi za 3D huchukulia kamera yenye fremu ya upana wa milimita 36. Chukua umbali kutoka kamera hadi ukuta wa mbele, zidisha kwa 36, gawanya kwa namba ya lenzi. Chumba cha mita 3 kwa 3.6, kamera ikiegemea ukuta wa nyuma: lenzi ya 18 inakamata upana wa mita 7.2, ya 24 mita 5.4, ya 35 mita 3.7. Ukuta wenyewe ni mita 3. Kinachozidi ni kuta za pembeni, na huko pembeni ndiko vitu huvutika: meza ya duara hurefuka, kitanda huota miguu mirefu.

Ndani sisi huanzia 24, na mara nyingi huishia 28. Chumba kikibana sana tunaisogeza kamera nyuma ya ukuta na kuuficha ukuta huo, jambo ambalo mpiga picha wa kawaida hawezi bila nyundo. Nje tunatumia 35 hadi 50, kwa usawa wa macho. Ghorofa lisipoenea kwenye picha, usielekeze kamera juu, kuta zitaanza kuegemeana; shifti ya lenzi, yaani kupandisha picha huku kamera ikibaki wima, ipo kwa kazi hiyo.

Ombi moja tunalikataa: lenzi ya 85 au zaidi kutoka mbali, ili bahari ionekane imegota nyuma ya fleti za Mbezi Beach. Mnunuzi atasimama barazani aitafute.

Kwenye video, lenzi pana huvipitisha vitu vya pembeni kwa kasi, mtazamaji akapata kizunguzungu. Tunabaki 28 hadi 35, mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na namba haibadiliki katikati ya shoti.

Ukituletea kazi, njoo na ramani yenye vipimo. Kwanza utapata rasimu za kijivu, zisizo na rangi wala samani za kifahari, uchague pembe na lenzi kabla hatujarenda, yaani kabla kompyuta haijatoa picha kamili.