Mfupa wa mama aliyekoma hedhi unahitaji protini, si maziwa na jua tu

Mhariri,

Kila magazeti yetu yanapogusia mifupa ya wanawake waliokoma hedhi, ushauri ni uleule: kunywa maziwa, ota jua. Ni ushauri sahihi, ila haujakamilika. Ndani ya mfupa kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na kalsiamu hujishikiza kwenye nyuzi hizo. Mama asiyekula protini ya kutosha anapeleka saruji mahali pasipo na nondo.

Homoni ya estrojeni ikishuka, seli zinazobomoa mfupa huzizidi kasi zile zinazojenga. Miaka 5 hadi 7 ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Misuli nayo hunywea, na mwenye misuli dhaifu huanguka kwa urahisi.

Protini yoyote ni mnyororo wa asidi amino, na 9 kati ya hizo mwili wetu hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Unga wa mahindi una upungufu wa mbili, laisini na triptofani. Laisini ni miongoni mwa zinazofunga nyuzi za kolajeni pamoja. Maharage, kunde na choroko zina laisini tele lakini methionini kidogo, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo ugali kwa maharage, au makande, ni mlo mzuri sana wa mifupa. Kinachoharibu ni upakuaji: baba na watoto hupewa punje, mama anabaki kutowelea mchuzi. Protini imo kwenye punje.

Kwa wenye umri huo, wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, zikigawanywa kwenye milo mitatu, kwa sababu misuli ya mtu mzima haiitikii protini kidogo kidogo. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Dagaa wakavu, hata gramu 20 tu, hutoa zaidi ya gramu 10, na wakiliwa wazima na miiba yao wanaongeza kalsiamu. Mlo unaoangusha hesabu hii ni kifungua kinywa. Chai ya rangi na andazi ni karibu na bure. Mayai mawili na glasi ya maziwa ni gramu 20.

Wapo wanaokwepa maharage kwa sababu ya gesi. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, na yakichemka mara ya kwanza maji yabadilishwe tena. Magadi yasitiwe: huharibu vitamini za kundi B na huongeza sodiamu, na sodiamu ikizidi hutoa kalsiamu kupitia mkojo. Kwenye mboga, sukuma wiki ni bora kwa kalsiamu kuliko mchicha, ambao una oksaleti inayoizuia isifyonzwe. Pera au chungwa baada ya mlo lina maana, maana kolajeni haiundiki vizuri bila vitamini C.

Supu ya makongoro inasifiwa kupita kiasi. Protini yake kubwa ni gelatini, isiyo na triptofani hata kidogo, na kalsiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye supu ni haba. Inyweke kama supu, lakini isichukue nafasi ya maharage, samaki au mayai. Unga wa kolajeni unaouzwa kwa bei kubwa nao humeng'enywa tumboni kama protini nyingine. Fedha hizo zinanunua trei za mayai.

Chakula hicho kinahitaji mazoezi ya kubeba uzito wa mwili: kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, kuinuka kitini mara 10 bila kushika kitu.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuonana na daktari. Wenye kisukari au shinikizo la damu wapime figo kwanza. Na mama aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu akiwa amesimama, au aliyepungua urefu kwa sentimita 4, asitegemee chakula peke yake. Aende hospitali akapimwe msongamano wa madini kwenye mifupa, kwani dawa za kuzuia ubomokaji zipo.

Mshauri wa lishe,
Morogoro