Tikiti sio maji ya mbwa

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua kuna mambo makubwa kuliko mbwa lakini hili nalo limenikaa kooni.

Kuna vidio zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mbwa kawekewa nusu tikiti mbele yake anakula mpaka ganda, watu wanacheka, na chini mtu kaandika joto likizidi we mpe mbwa wako tikiti tu, maji ya nini. Mi nalima matikiti huku Pawaga, bonde la joto la Iringa, na mbwa ninao hukohuko shambani, wananisaidia kufukuza nyani na ngiri maana bila wao ningekuwa nalimia wanyama wa porini, kwahiyo hii habari inanigusa huku na huku. Tangu joto la mwezi wa kumi lianze wateja wanaosimama pale barabarani Itunundu wananunua tikiti la nyumbani halafu wanaongeza na kadogo kengine, ukiuliza hako ka nani wanakwambia ka mbwa. Hela napokea, siwezi kujifanya mtakatifu. Ila nikiuliza huyo mbwa ana chombo cha maji huko nyumbani mtu anaanza kuangalia simu.

Na watani zangu, mkisikia mtu wa Iringa kaandika gazetini habari za mbwa na chakula najua mtakachosema, ule utani wenu kwamba Wahehe tunakula mbwa, semeni mmalize halafu tuendelee.

Tikiti lenyewe halina ubaya kwa mbwa, hilo niliweke wazi maana wapo pia wanaosema tunda kwa mbwa ni sumu au ni mambo ya kizungu. Ile nyama nyekundu ukishaitoa mbegu na ganda mbwa anakula vizuri tu, na wengi wanaipenda kwelikweli, mmoja wangu anajua tikiti lililoiva kuliko hata vijana wa kibarua, analinusa kwenye kikonyo anaacha anaenda la pembeni, na ukilipasua lile aliloliacha unakuta bado jeupe ndani. Shida inaanza pale mtu anaposema tikiti lifanye kazi ya maji.

Tupige hesabu. Tikiti karibu asilimia 92 ni maji, ni kweli, na ndo hapo watu wanapodanganyika. Mbwa anahitaji maji kama mililita 50 mpaka 60 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku na hiyo ni siku ya kawaida, kwahiyo mbwa wetu wa kienyeji wa kilo 15 unaongelea robo tatu ya lita kwenda karibu na lita nzima, na akiwa kwenye jua la Pawaga anakimbizana na nyani inapanda juu ya hapo. Sasa ili ayapate hayo yote kwenye tikiti itabidi ale kama kilo nzima kila siku, na kwenye kilo ya tikiti kuna sukari kama gramu 60, yaani vijiko 15 vya chai, we mwenyewe chai yako huiweki hivyo hata wakati wa sikukuu. Tumbo la mbwa halijazoea hizo mambo, ataharisha, na akiharisha yale maji uliyojidai umempa yanatoka yote na yanatoka na mengine aliyokuwa nayo mwilini. Umemkausha kwa tunda la maji.

Kiasi kinachoeleweka ni hiki, madaktari wa mifugo wanasema vitu vya kuonjaonja nje ya chakula chake visizidi asilimia 10 ya kalori anazokula kwa siku. Kwa huyo wa kilo 15 vipande vinne vitano vya ukubwa wa kiberiti vinatosha kabisa, kale kambwa kadogo ka ndani mpe kimoja viwili tena uvikate vidogo. Mara ya kwanza mpe kimoja tu usikilizie mpaka kesho yake, ukiona choo kimelegea acha. Mwenye kisukari, maana mbwa pia wanapata kisukari, huyo usimpe mpaka umeongea na daktari wake.

Sasa ganda. Hapa ndo nagombana na watu kila siku. Mtu anakula tikiti lake sebuleni, ganda anamrushia mbwa, anaona kamtendea wema. Mbuzi ukimpa ganda anatafuna, analala pembeni anacheua, anatafuna tena, tumbo lake limeumbwa kwa kazi hiyo. Mbwa hana habari ya kucheua, yeye meno yake ni ya kurarua na kumeza, na mkiwa na mbwa wawili watatu wanagombania ndo kabisa, kipande kinashuka kizima kizima. Kinaweza kumkaba pale kooni ukamwona anahangaika na miguu ya mbele mdomoni, au kikashuka salama halafu kikaenda kukwama kwenye utumbo siku ya pili wakati we umeshasahau. Mbegu chache zilizopita bahati mbaya hazina shida, zitatoka kama zilivyoingia, lakini mbwa mdogo ukimwachia nusu tikiti na mbegu zake zote zinaweza kujikusanya zikaziba njia. Ukiona anatapika kila kitu hata maji, amegoma kula, amejikunja tumbo na ukimgusa analalamika, anachuchumaa choo hakitoki, usianze kumnywesha mafuta ya kula wala vidonge vya watu vya kulainisha choo, huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na inaweza kuishia kwenye kupasuliwa. Na kutoka huku bondeni mpaka umpate daktari mwenye vifaa vya kupasua mbwa, tena usiku, wenye mbwa wanajua.

Kwahiyo maganda mpe mbuzi, ng'ombe au nguruwe. Na wenzangu mnaouza vipande sokoni na stendi mnaorusha maganda chini ya meza, wekeni kiroba, jioni wafugaji watakuja wenyewe kuchukua, mbona pumba za mpunga wanazigombania.

Nirudi kwenye joto lenyewe maana ndo kiini. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, ana kajasho kidogo kwenye nyayo basi, kazi yote ya kujipoza anaifanya kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na kule kuhema kunamaliza maji mwilini. Hana maji, hawezi kuhema ipasavyo, hapoi. Joto lake la kawaida liko kama nyuzi 38.3 mpaka 39.2, juu kidogo ya letu, likifika 41 huyo yuko kwenye hatari ya kufa. Halafu unakuta mtu kamjengea banda la bati juu na bati pembeni, kamfunga mnyororo mfupi toka alfajiri, sufuria ya maji iliyokuwepo keshaipiga teke imemwagika saa tatu, na mwenye mbwa yuko mjini anarudi jioni. Huyo hata ukimletea tikiti la kwenye friji hujamsaidia kitu. Chimba chombo kiingie ardhini kidogo au weka beseni zito, weka viwili, kimoja kikimwagika kiwepo kingine, na kivuli kiwe cha mti au makuti, bati achana nalo, huku kwetu lina kazi ya kukinga mvua tu.

Na nyie wa Kihesa pale Iringa mjini na wenzenu wa kule Uyole Mbeya, hili niliseme kwa heshima. Mnafuga majemani shepadi yana manyoya kama blanketi, kwa baridi yenu wanapendeza sana, halafu jumamosi mnampakia nyuma ya pikapu mnakuja kumshusha Pawaga, au Usangu, au Kyela, saa saba mchana, ati aje alinde shamba. Mwili wa mbwa unahitaji wiki kadhaa kuzoea joto. Kama lazima aje, mleteni jioni, siku za mwanzo akae kivulini, kazi afanye usiku na alfajiri. Hawa wa pua fupi sijui bulldog sijui pug msiwalete kabisa, wale hata kuhema kwenyewe ni kwa shida.

Akizidiwa utamjua, anahema kwa nguvu mpaka mwili unatikisika, mate yanakuwa mazito yanavutika, fizi zinakuwa nyekundu sana, anayumba kama kalewa, wengine wanatapika. Hapo tikiti liweke mbali kabisa, asiyejielewa vizuri ukimtia kitu mdomoni kinaweza kwenda njia ya hewa. Mvute kivulini, mmwagie maji ya baridi mwili mzima hasa tumboni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani, mpepee hata na kanga au mfuko wa sandarusi, endelea kummwagia, taulo lililolowa usimfunike nalo ukaliacha maana likishapata joto linamfungia joto ndani. Kama anaweza kunywa mwenyewe mpe maji kidogo kidogo. Halafu ndo bodaboda au gari kwa daktari, hata akionekana kapata nafuu, figo na viungo vya ndani vinaweza kuwa vimeshaumia na we huoni.

Mtu ataniambia maji yenyewe ya shida. Najua. Mto Ruaha Mkuu kule Hifadhi ya Ruaha unakauka kiangazi tangu 1993 na huku mfereji kugombaniwa sio habari mpya, usiku watu wanalala juu ya mageti ya maji. Lakini lita moja mbili za mbwa kwenye dumu la lita 20 hazijamaliza maji ya mtu, na yale uliyooshea mchele, kama hujatia chumvi, anakunywa vizuri tu. Ya sabuni hapana.

La mchanganyiko wa matunda niliguse haraka. Ukinunua lile bakuli la barabarani usimmwagie mbwa mabaki ukasema si kuna tikiti humo. Zabibu za Dodoma, mbichi au kavu, zinaweza kumharibu mbwa figo na haieleweki mbwa gani ataumia kwa kiasi gani, kwahiyo usijaribu hata moja. Kokwa la parachichi na la embe ni yaleyale ya kukwama, na parachichi lenyewe lina mafuta mengi yanayomvuruga tumbo, watu wa Njombe na Rungwe kuweni makini maana kwenu yanaokotwa tu. Na mnaoshusha gunia la vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, vitunguu vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa ni yaleyale, na hapa nadhani mbwa wengi wa kwetu wanaumia kimyakimya kwasababu chakula chao ni ugali uliopakwa rojo la mboga lililobaki na rojo bila kitunguu nani anapika.

Kuhusu dawa za shambani naongea kama mkulima. Tikiti osha nje kabla hujaweka kisu, kisu ndo kinachoingiza vumbi na dawa kwenye nyama, hii ni kwa mbwa na kwa watoto wako pia. Kwenye lebo wameandika usivune mpaka zipite siku ngapi toka upulize, sasa we mwenye mbwa wa shamba jua kwamba yeye lebo hasomi, anavuna siku yoyote, kwahiyo siku za kupuliza mfunge pembeni penye kivuli na maji. Na wanaotegea inzi wa matunda kwa molasi iliyotiwa dawa wainue chambo juu asikoweza kufika, molasi mbwa anailamba kama sisi tulivyokuwa tunalamba sukari utotoni. Ukishakata, alichobakiza ndani ya saa moja kiondoe, joto la huku halisubiri, inzi ndo usiseme.

Mwisho kuna wanaokuja shambani kuniuliza bei ya yale yaliyopasuka, eti ni ya mbwa hayana haja ya kuwa mazuri. Ya mbwa siuzi. Tikiti lililopasuka likilala jua siku mbili linachacha, linakuwa na pombe ndani na vijidudu juu, na mbwa pombe kidogo tu inamwangusha. Mwenye nguruwe au mbuzi aje asubuhi na mapema siku ileile ya kuvuna, kabla hayajachacha, bei tutaelewana.

Mkulima wa matikiti,
Pawaga, Iringa