Taarifa ya Mwenyekiti: Ukaguzi wa Uuguzi Thieta, Mombasa

Ndugu wanachama, salaam aleikum na hamjambo nyote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na najua mna maswali naye. Langu mwaka huu ni moja: ukaguzi wa uuguzi ambao chama chetu kimeufanya katika vyumba vya upasuaji.

Tulianza kwa njia nyepesi, tukafungua mafaili. Tulikuwa tunaitafuta ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 2008, vipengele 19 katika sehemu tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Karibu kila faili lilikuwa na alama zote za vema. Usafi ule ndio ulionitia shaka.

Basi tukaomba ruhusa, tukavaa kofia na barakoa, tukasimama pembeni. Asubuhi ya kwanza tu, katika thieta nisiyoitaja, nilimwona sista akitia vema sehemu zote tatu huku mgonjwa bado yuko kwenye machela nje ya mlango. Baadaye, kwenye chai, nilimuuliza. Akanijibu, "Mwenyekiti, leo tuna wagonjwa saba, na muuguzi wa kuzunguka, wa kuleta vifaa na kujaza karatasi, ni mimi peke yangu. Nikiiacha karatasi hadi mwisho, sitaijaza." Sikumwona mvivu hata kidogo.

Jingine ni utambulisho. Mgonjwa mwenye hofu, tena keshadungwa dawa ya kumtuliza, ukimuuliza "Wewe ndiye Juma?" atakujibu ndiyo hata kama ni Hamisi. Mwache alitaje jina mwenyewe, kisha usome bendi ya mkononi. Mnakumbuka 2018, Nairobi, mtu alivyochanganywa na mgonjwa mwingine, akafunguliwa kichwa kisichokuwa na haja ya kufunguliwa.

Lakini lililonikaa moyoni ni kuhesabu shashi, vile vitambaa vya kufyonza damu, ili kisibaki hata kimoja tumboni. Kanuni mnaijua: watu wawili, kwa sauti, macho ya wote wawili kwenye shashi. Tuliyoyaona mara nyingi ni mmoja kuhesabu na mwenzake kuitikia huku amempa mgongo. Kisha siku moja hesabu ikapungua moja. Daktari keshashika sindano ya kufunga tumbo. Sista aliyevaa glavu, msichana mdogo tu, akasema, "Daktari, hatufungi bado." Kimya. Ndoo ikamwagwa, mashuka yakapanguliwa, na mwisho ikapatikana: shashi mbili zilikuwa zimegandana kwa damu, zikahesabiwa moja. Dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani. Ujasiri ule hauna kisanduku kwenye fomu yetu ya ukaguzi, na kwa maoni yangu ulistahili kuwa wa kwanza.

Kuhusu otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, nitasema kwa ufupi. Tepu ya nje ikibadilika rangi, inakwambia pakiti ya vifaa imepita kwenye joto, haikwambii kama mvuke ulifika ndani. Kile kijikaratasi cha ndani, ndicho kinachoonyesha hilo, kisomwe kabla ya kutupwa. Na pakiti zisiwekwe chini ya eyakondishena inayovuja. Kwa unyevu huu wetu wa Pwani, pakiti iliyolowa hairudi kabatini, inafungwa upya na kurudishwa kwenye otoklevu.

Wapo waliolalamika kuwa chama kimekuwa polisi. Fomu zetu hazina jina la muuguzi hata mmoja. Wengine wakasema orodha ni mambo ya Ulaya. Ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo Ifakara, hapo Tanzania, na katika matokeo yaliyochapishwa 2009 vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa hospitali zote kwa pamoja.

Makosa yetu pia tuyaseme. Fomu ya kwanza ilikuwa kurasa tano, hakuna aliyeimaliza. Sasa ni ukurasa mmoja. Na tulikagua mchana tu, ilhali sote tunajua mama wa kupasuliwa ghafla huletwa saa ngapi.

Tutarudi thieta zilezile tuone kilichobadilika. Barua ya kuomba muuguzi wa pili wa kuzunguka imeandikwa, nitaipeleka mwenyewe. Nahitaji watu sita wa kukagua zamu ya usiku. Karatasi ya majina iko mezani, pale penye mahamri.