Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya habari: leseni ya gazeti isikae mikononi mwa ofisa mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, tumesubiri vya kutosha. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa ajili ya video ya katuni. Septemba 2025 ikawa zamu ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, siku 90. Adhabu zote mbili zilianza kutumika bila jaji kusikiliza upande wowote.

Tunajua tutakumbushwa marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Huduma za Habari, na hatuyabezi. Kashfa ilitolewa kwenye jinai, na Idara ya Habari Maelezo ikaondolewa kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Ila mzizi haukuguswa. Chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976, gazeti lilisajiliwa mara moja likaendelea na kazi yake. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaleta leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Mkurugenzi wa Maelezo, ambaye kwa sheria hiyo ndiye Msemaji Mkuu wa Serikali, ndiye anayeitoa, na ndiye mwenye uwezo wa kuisitisha au kuifuta. Mhariri anayechunguza matumizi ya wizara anajua kwamba mwakani ataomba ruhusa kwa msemaji wa wizara hizohizo. Habari nyingi hufia hapo, kabla hata ya kufika kwa mchapaji, na hakuna takwimu itakayozionyesha.

Rufaa nayo inaanzia kwako, Mheshimiwa, yaani kwa mkubwa wa aliyetoa adhabu. Muda wa kuikata ni siku 30. Gazeti likifungiwa siku 30, adhabu inaweza kwisha kabla shauri halijafunguliwa.

Huku nyuma gharama hazisimami. Pango linadaiwa, mchapaji anadai, mtangazaji aliyelipia kurasa za mwezi mzima anataka fedha yake au anahamia kwingine, na akishahama ni nadra kurudi. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Gazeti lisipotoka, hawana kipato. Ndiyo maana kufungia gazeti dogo kwa miezi ni kuliua, hata kama tangazo linasema "kwa muda". Na yakifa madogo, wasomaji wanabaki na sauti mbili tatu zenye mtaji.

Gazeti la Mseto lilifungiwa mwaka 2016 kwa miezi 36. Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema amri ile ilikuwa kinyume cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Leseni ilirudishwa Februari 2022. Gazeti lilishinda kesi, na bado likakaa nje zaidi ya miaka mitatu! Machi 2019 mahakama hiyohiyo ikaipitia Sheria ya 2016 yenyewe na kuona vifungu vyake vingi vinakiuka Mkataba, vikiwemo vya 58 na 59 vinavyompa Waziri uwezo wa kuzuia machapisho.

Tunachoomba kinaandikika katika kurasa chache za muswada. Kifungu cha 8 cha Sheria ya 2016, kinachohusu leseni za magazeti, kibadilishwe, leseni iwe usajili wa mara moja: jina la gazeti, wamiliki halisi, anwani, mhariri, mchapaji. Msajili apewe siku 14, na akikaa kimya gazeti lihesabike limesajiliwa. Majina ya wamiliki yawe wazi kwa umma, maana bila hayo hatutajua ni nani ananunua magazeti mangapi. Mlalamikaji aanze kwa mhariri, apewe masahihisho kwenye ukurasa uleule na kwa uzito uleule, kisha aende Baraza la Habari, kisha mahakamani. Panapokuwa na hatari ya kweli kwa usalama, serikali iende kwa jaji siku hiyohiyo, ieleze ni aya ipi na madhara gani, na zuio liiguse habari hiyo tu. Vifungu vya 58 na 59 vifutwe. Utaratibu uleule uwekwe kwenye Kanuni za Maudhui Mtandaoni, la sivyo kufuli litahamishwa tu kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye simu.

Kama yote haya ni mengi kwa kikao kimoja cha Bunge, basi tupe moja: chombo cha habari kisifungiwe hata siku moja bila amri ya mahakama. Sentensi hiyo iingie kwenye muswada ujao, Mheshimiwa. Tunaomba hiyo kwanza.